Kontena, tofali, mbao au chuma? Jibu kwa anayejenga karakana nyuma ya nyumba

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nyuma ya nyumba yangu nina nafasi ya mita 8 kwa 11. Nataka kujenga mahali pa kuegesha gari moja na kufanyia kazi zangu za mikono: useremala zaidi, kuchomelea kidogo, na kulitengeneza gari mwenyewe ninapoweza. Fundi mmoja ameniambia nijenge kwa tofali. Mwingine anasema fremu ya chuma na bati, siku chache tu kazi imekwisha. Rafiki yangu anataka kuniuzia kontena la futi 40. Mke wangu naye anauliza kwa nini tusijenge kwa mbao. Kila mmoja ana sababu zake na mimi nimebaki njia panda. Aina ipi inafaa?

JIBU: Nikupe jibu kwanza, maelezo yafuate. Kwa kazi ulizozitaja na eneo ulilonalo, mimi ningesimamisha kuta za tofali za saruji, paa la kenchi za chuma, zile fremu za pembetatu zinazobeba paa, lisilo na nguzo hata moja katikati, na ubavuni kibanda kidogo kilicho wazi kwa ajili ya kuchomelea. Mbao ningezikubali bila ubishi kama usingekuwa na mashine ya kuchomelea. Fremu ya chuma yenye kuta za bati ningeichagua kama ungekuwa na eneo mara mbili ya hilo. Kontena nalirudia baadaye, maana lina jambo ambalo nadhani wewe na rafiki yako hamjalipima.

Ila swali lako limeanzia ukutani, kama yalivyo maswali mengi ya namna hii. Ukuta ndio unaoonekana, na ndio mafundi wanaougombania, kila mmoja akivutia kwenye kazi anayoijua. Mwashi atakuambia tofali, mchomeleaji atakuambia chuma, na mimi sijawahi kukutana na seremala aliyemkataza mtu kujenga kwa mbao. Karakana nyingi nilizoitwa kuzirekebisha kuta zake zilikuwa nzima kabisa. Tatizo lilikuwa mlango mwembamba, paa lililowekwa chini mno, sakafu iliyokatika, au bati linalotonya siku ambayo mvua haijanyesha. Hayo manne ukiyapanga kwanza, aina ya jengo inakuwa karibu imeshajichagua.

Nasema haya kwa kuungua. Karakana yangu ya kwanza niliijenga kwa tofali, kuta zimenyooka kwa timazi, plasta laini kama ya sebuleni. Mlango niliupa upana wa mita 2.2. Gari lilikuwa na upana wa mita 1.8, nikaona nimejipa nafasi ya kutosha; vioo vya pembeni sikuvihesabu. Ikawa kila jioni naingia vioo vimekunjwa na pumzi nimeibana. Boriti za chini za paa nilizilaza kwenye kimo cha mita 2.4. Siku niliyoleta plaiwudi ya kwanza, ile ya kawaida ya mita 2.44 kwa 1.22, ndipo nilipojua nilichokifanya. Kusimama haisimami. Na hata paa lingeongezwa sentimita kumi bado nisingeweza kuigeuza kutoka kulala hadi kusimama, kwa sababu inapozunguka inahitaji nafasi ya mshazari wake, nao ni mita 2.73. Tangu siku hiyo sijamchorea mtu karakana yenye chini ya mita 3 kutoka sakafuni hadi kwenye boriti ya kenchi.

Kwa hiyo kabla hujamwita fundi yeyote, chukua chokaa uchore mstatili wa mita 6 kwa 9 katikati ya eneo lako. Unabakiwa na mita moja kila upande ya kupita, kupaka rangi na kuongoza maji ya mvua. Ingiza gari ndani ya mstatili huo, ufungue milango yote, boneti na buti. Gari la kawaida lina urefu wa mita 4.5 hivi, na milango ya pande zote mbili ikiwa wazi linameza upana wa karibu mita 3.7. Sasa leta meza yoyote uisimamishe pale unapofikiria kuweka msumeno wa meza. Plaiwudi nzima inataka mita 2.5 mbele ya msumeno na mita 2.5 nyuma yake. Utaona mara moja kwamba gari na msumeno havifanyi kazi siku moja, isipokuwa msumeno uelekezwe mlangoni ili ubao mrefu utokeze nje. Hapo umeshajua mlango mkubwa uwe upande gani, na hujanunua hata tofali moja.

Katika zile kazi zako tatu, mbili hazipatani. Useremala unazaa vumbi na maranda. Kuchomelea kunazaa cheche. Cheche za kuchomelea na za mashine ya kusaga chuma huweza kuruka na kuviringika hadi mita 10, na karakana yako nzima ina mita 9. Yaani hakuna kona salama humo ndani. Na cheche haiwaki palepale: hujificha ndani ya vumbi la mbao, ikafukuta nusu saa au zaidi wewe ukiwa umeshafunga mlango na kwenda kuoga. Ndiyo sababu ya kile kibanda cha ubavuni. Paa la bati, sakafu ya zege, ukuta mmoja wa tofali mgongoni, basi. Nakusihi usikipuuze hata kama utaamua kutofuata kitu kingine chochote nilichoandika hapa.

Tofali sasa. Kwa kimo hiki, tofali la saruji la inchi 6, yaani sentimita 15, linatosha. Lakini ukuta wa mita 9 ulionyooka bila kukatishwa na ukuta mwingine ni dhaifu kuliko unavyoonekana. Nyumba ya kuishi ina vyumba, na kila ukuta wa chumba unaushika ukuta wa nje usiyumbe. Karakana haina vyumba. Mwashi aliyezoea nyumba huwa hafikirii hilo; anapandisha tu kozi juu ya kozi, yaani safu ya tofali juu ya safu. Mwambie kila baada ya mita 3 hivi asimamishe nguzo ya zege yenye nondo iliyoanzia kwenye msingi, kisha juu afunge mkanda wa zege unaozunguka jengo zima bila kukatika. Mkanda huohuo ndio utakuwa linta, yaani boriti ya juu ya mlango mkubwa, na ndio utakaoshika kenchi.

Faida yake kubwa kwako ni majirani. Kelele inazuiwa na uzito: kila uzito wa ukuta unapoongezeka maradufu, sauti inayopenya hupungua kwa desibeli 5 hivi. Bati la milimita 0.4 lina uzito wa kilo 4 hivi kwa mita ya mraba. Ukuta wa tofali uliopigwa plasta una mamia ya kilo. Mashine ya randa ukiiwasha ndani ya kuta za bati, mtaa mzima unajua umeamka. Ila usijidanganye kwamba tofali peke yake linamaliza. Uwazi wa asilimia 1 tu ya eneo la ukuta hushusha kinga yake hadi desibeli 20, hata ukuta uwe mnene kama ngome. Sauti inatokea mlangoni, chini ya mlango, na pale kwenye mwanya kati ya ukuta na bati. Kama majirani wako ni wa karibu, fedha ya kuongeza unene wa ukuta itumie kwenye mpira wa kuziba kingo za mlango.

Kuna hali moja inayoweza kunibadilisha mawazo kuhusu tofali, nayo ni udongo. Kama hapo kwako ni udongo mfinyanzi, ule unaovimba ukilowa na kupasuka nyufa ukikauka, jengo zito na gumu litapasuka pamoja nao. Linaweza kujengwa, lakini msingi wake utakugharimu kuliko kuta. Chimba shimo la mita moja, angalia. Kiangazi ukiona ardhi ina nyufa zinazomeza vidole, achana na tofali uchukue fremu nyepesi, ya chuma au ya mbao, ambayo inaweza kucheza kidogo bila kuvunjika.

Mke wako hajakosea hata kidogo. Fremu ya mbao ndiyo rahisi kuliko zote kubadilisha: ukitaka dirisha unakata, ukitaka rafu unapigilia popote, nyaya za umeme zinapita ndani ya ukuta bila kuchimba. Nayo moto haiuogopi kama watu wanavyodhani. Boriti nene ya mbao huungua kwa nje kidogokidogo, kama milimita 0.7 kwa dakika, na makaa yake yenyewe yanakinga mbao ya ndani. Chuma kitupu kikifika nyuzi 550 kimebakiwa na kama asilimia 60 tu ya nguvu yake, na moto wa karakana huzifikia nyuzi hizo haraka. Nimeona boriti za mbao zilizosimama baada ya moto, nyeusi tii, juu yake vyuma vimejikunja kama tambi. Lakini hizo ni boriti nene. Fremu ya kuta ni mbao nyembamba, sentimita 5 kwa 10, na hiyo haina muda huo. Ukijenga kwa mbao, ndani funika kwa bodi ya jasi, ubao wa chini uwe juu ya ardhi kwa angalau sentimita 15, na mchwa wasiwe na njia ya kupanda bila wewe kuwaona. Mchwa hawaliogopi zege. Wanapita kwenye ufa wa upana wa karatasi nene.

Kuna wanaozika nguzo za mbao ardhini moja kwa moja, kama mita 1.2 kwenda chini, wakazungushia bati. Ni jengo la haraka na la bei ndogo, na sakafu unaweza kuimwaga hata mwaka mwingine. Nguzo hizo huoza mahali pamoja, pale zinapoingia ardhini, kwa sababu hapo ndipo unyevu na hewa vinapokutana. Chini zaidi ni nzima, juu ni nzima, katikati unaingiza bisibisi kama kwenye keki. Zinafaa kwa banda la mifugo. Kwa mashine zako, hapana.

Tuje kwa yule fundi wa chuma. Hadanganyi anaposema siku chache. Fremu zikishachomelewa na kutobolewa, kusimamisha ni kufunga bolti tu. Na uwezo wake halisi ni upana: mita 10, 12, hata 20 bila nguzo katikati. Wewe unahitaji mita 6, ambazo kenchi nyepesi juu ya tofali inazivuka bila shida. Ungekuwa unalipia uwezo usioutumia. Maelewano yapo, na wengi hufurahia: fremu ya chuma, tofali hadi kimo cha mita 1.2, bati kuanzia hapo. Gari likigonga, linagonga tofali. Maji ya kuoshea hayafiki kwenye bati. Na benchi ya kazi inapata mgongo imara. Kama udongo utakataa kuta nzima za tofali, hii ndiyo ningekuchorea, na zile kozi chache ningeziacha zikae juu ya zege bila kufungwa kwenye fremu.

Tatizo la bati sio mvua, ni umande wake. Watu huniita wakisema paa linavuja. Nikipanda juu sioni tundu. Usiku wenye anga safi bati hupoa likawa baridi kuliko hewa iliyoko chini yake. Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevunyevu wa asilimia 80 huanza kutoa maji inapogusa kitu chenye nyuzi 21 hivi, na bati linafika huko mapema tu. Alfajiri matone yanaanguka juu ya msumeno, juu ya jiliwa, juu ya reli za mashine. Wiki moja tu na kila kilichong'aa kimeota kutu rangi ya chungwa. Ukijenga kwa tofali bado paa ni bati, kwa hiyo hili linakuhusu. Dawa yake ni mbili kwa pamoja: tandaza karatasi ya kuzuia joto yenye uso wa alumini chini ya bati kabla ya kulipigilia, na acha hewa iingie chini ya upenu na itokee kwenye kofia ya paa. Ukiweka moja bila nyingine, utakuja kuniandikia tena.

Na kwa kuwa tuko juu ya paa, tumia skrubu zenye washa ya mpira, si misumari. Bati la mita 6 likitoka kwenye baridi ya usiku hadi jua la saa saba, tofauti ya nyuzi 40, linarefuka kwa milimita 3 hivi. Kila siku linakwenda na kurudi. Msumari huo mchezo unaulegeza hadi unachomoka. Skrubu nayo isikazwe mpaka mpira utoke pembeni. Ikishaminywa hivyo imekufa. Unajua imetosha mpira unapoanza tu kujaa kingo za washa.

Upepo unaogopwa kidogo kuliko unavyostahili. Upepo wa kilomita 108 kwa saa una msukumo wa kama kilo 56 kwa kila mita ya mraba, na kasi ikiongezeka maradufu msukumo unakuwa mara nne. Paa lako la mita za mraba 54 linaweza kuvutwa kwenda juu kwa tani 3 hivi. Paa lenyewe, bati na chuma chake pamoja, halifiki tani moja. Maana yake paa la karakana halikai juu ya ukuta kwa uzito wake. Linakaa kwa sababu umelifunga. Na mlango mkubwa ukiwa wazi upande upepo unakotoka, hewa inaingia na kusukuma kwa ndani pia. Kila kenchi ifungwe kwa bolti zilizozikwa ndani ya mkanda wa zege, na nondo za mkanda ziunganishwe na za nguzo mpaka msingini. Misumari miwili iliyokunjwa juu ya ubao haishiki kitu. Hivyo vibanda vya mabomba membamba vinavyouzwa kama vifurushi hupeperushwa kwa sababu hiyohiyo: vingi havina chochote kinachovishika chini zaidi ya vigingi.

Utasikia pia habari za majengo ya nusu duara, bati nene lililopindwa kuanzia ardhini upande huu hadi ardhini upande ule. Ni wazo la kijeshi: Peter Nissen wa jeshi la Uingereza alilibuni mwaka 1916, na mwaka 1941 jeshi la majini la Marekani likatengeneza la kwake, lile linaloitwa Quonset. Ni imara ajabu. Jaribu tu kutundika rafu kwenye ukuta unaokuinamia.

Kontena la rafiki yako sasa. La futi 40 lina urefu wa nje wa mita 12.19. Eneo lako lina mita 11. Nimejaribu hata kulilaza kimshazari kwenye karatasi, haliingii. Ningeweza kuishia hapo, ila rafiki yako huenda akarudi na la futi 20, ambalo lina urefu wa mita 6.06 na linaingia, kwa hiyo nimalize. Ndani yake upana ni mita 2.35. Weka benchi ya sentimita 60 upande mmoja, unabakiwa na mita 1.75: ubao utaukata kwa kuingiza na kutoa kama mkate kwenye tanuri, na gari ukiliingiza hutoki. Ukisema utaukata ukuta wa pembeni upanue, kumbuka ule ukuta wenye mikunjo ndio unaolipa kontena ugumu wake. Uzito wote wa kontena umepangwa kukaa kwenye pembe zake nne. Ukiondoa ubavu bila kuweka fremu ya chuma mahali pake, paa linaanza kulala. Sakafu ya plaiwudi yenye unene wa milimita 28 kwa kawaida imetiwa dawa ya kuua wadudu, na jina la dawa huandikwa kwenye kibao cha chuma kilicho mlangoni. Kisome kabla hujaanza kupiga msasa humo ndani. Kama stoo ya kufungia vifaa vya thamani, kontena ni zuri sana na sina neno nalo. Kufanyia kazi ndani yake ni adhabu ya jua mchana na ya umande usiku.

Sakafu ndiyo mahali ambapo ningekuomba usibane matumizi hata kidogo, kwa kuwa ukuta unaweza kuuvunja na paa unaweza kulibadilisha, lakini sakafu mbovu utaishi nayo. Ipandishe sentimita 15 juu ya ardhi ya nje. Shindilia kifusi hadi mguu usiache alama, tandika nailoni nzito, kisha zege la sentimita 10 kwa uwiano wa saruji 1, mchanga 1.5 na kokoto 3. Liwekee maji siku 7 mfululizo. Mashine nzito na gari visubiri siku 28. Ndani ya siku ya kwanza, mara zege linapokuwa gumu kiasi cha kutomeguka kingo, likatwe mistari kila baada ya mita 3, kina chake robo ya unene. Zege litapasuka tu upende usipende. Mistari hiyo inaliambia lipasukie wapi. Sehemu ya gari iteremke kuelekea mlangoni sentimita 1 kwa kila mita, ili maji na mafuta yatoke. Sehemu ya useremala iwe sawa kabisa kwa pima maji, la sivyo utaweka vipande vya mbao chini ya miguu ya kila mashine maisha yako yote.

Ukifikiria kuja kuweka lifti ya nguzo mbili, amua sasa. Chini ya nguzo hizo zege liwe sentimita 15 au zaidi, kulingana na kitabu cha lifti yenyewe. Na kimo cha mita 3 hakitoshi tena: gari lenye kimo cha mita 1.5 likiinuliwa mita 1.8 ili usimame chini yake, kichwa chake kimeshafika mita 3.3. Hapo kuta zipande hadi mita 3.6. Wengine hukwepa gharama hiyo kwa kuchimba shimo la kushukia chini ya gari. Mimi silipendi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutulia humo kama maji, nawe unashuka na taa. Kwa sababu hiyohiyo soketi zisiwe chini ya sentimita 45 kutoka sakafuni. Zangu huziweka mita 1.3, ambako mvuke haufiki, na plaiwudi ya upana wa mita 1.22 ikiegeshwa ukutani haizizibi.

Mlango uwe na upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.4. Shata la kujiviringisha linahitaji nafasi ya ziada ya sentimita 30 hadi 45 juu ya uwazi, na kwa kuta za mita 3 unayo. Milango miwili ya bawaba ni rahisi na inaziba sauti vizuri zaidi, ila upepo ukiukamata mmoja unaweza kukuvunja mkono. Uwekee kitasa cha kuuzuia ukiwa wazi. Weka pia mlango mdogo wa mtu ubavuni. Hutaki kufungua uwazi wa mita 3 kila unapotoka kuchukua nyundo, na siku gari linapowaka moto mbele ya mlango mkubwa utahitaji njia nyingine ya kutokea.

Kabla ya yote hayo nenda ofisi ya ujenzi ya mahali ulipo ukaulize umbali unaotakiwa kati ya jengo na mpaka wa kiwanja. Ile mita moja yangu ni ya kupitia, si ya kisheria. Kama wao wanataka zaidi, mstatili wako wa chokaa utapungua na msumeno utahama.

Halafu siku moja kabla ya kumwaga zege, pitisha mabomba matupu ya plastiki chini ya sakafu: moja kutoka kwenye kisanduku cha umeme hadi katikati ya karakana pale msumeno utakaposimama, moja hadi kwenye kibanda cha kuchomelea, na moja la ziada lisilo na kazi. Ziba ncha zake na uache kamba ndani ya kila moja. Kisha laza futi ya kupimia sakafuni kutoka ukutani hadi kwenye kila bomba, upige picha. Siku utakapokuwa umeshika drili, unataka kutoboa zege ufunge mguu wa mashine, picha hiyo ndiyo itakayokuonyesha mahali ambapo hupaswi kugusa.